Chumvi ya skandiamu: sifa za maabara si mahitaji ya soko

Mfanyabiashara wa soko lolote, awe wa mahindi Kibaigwa au wa shaba London, anajua kuwa uzuri wa bidhaa haupandishi bei peke yake. Bei hupanda pale wanunuzi wanapokuwa wengi, wanapotumia kiasi kikubwa, na wanapokimaliza walichonunua ili warudi sokoni kununua tena. Kanuni hii ya siku zote inasahaulika haraka mara bidhaa inapokuwa na jina geni na sifa za kisayansi. Skandiamu ni mfano mzuri wa usahaulifu huo.

Tarehe 4 Aprili 2025 Uchina iliiweka skandiamu, pamoja na madini mengine sita, katika orodha ya bidhaa zisizouzwa nje ya nchi bila kibali maalumu. Tangu hapo jina hilo limetoka katika vitabu vya kemia na kuingia katika mazungumzo ya wenye fedha. Wapo wanaowashawishi watu wenye akiba ndogo wanunue hisa za makampuni ya kutafuta madini ambayo hayajachimba hata gramu moja. Wapo pia wanaouza madini yenyewe kwa kilo, kwa ahadi kwamba yatahifadhiwa katika ghala ng'ambo hadi bei itakapopanda.

Miongoni mwa hoja zao ipo moja inayowavutia wasomi: kwamba skandiamu ndiyo roho ya kichocheo kipya cha viwanda vya kemikali, chumvi iitwayo skandiamu triflati, ambayo haiharibiki ndani ya maji na hutumika mara nyingi. Wanasema viwanda vya dawa, manukato na rangi vitaihitaji, hivyo anunuaye leo atacheka kesho.

Maelezo hayo ya kemia ni ya kweli. Maoni ya ukurasa huu ni kwamba ukweli huohuo ndio sababu ya kutonunua. Kichocheo kisichoharibika na kinachotumika tena ni neema kwa mwenye kiwanda na ni hasara kwa anayetaka kuuza madini. Hapana budi tueleze kwa nini.

DALALI ASIYECHUKUA BIDHAA

Kichocheo katika kemia ni kama dalali mwaminifu. Humkutanisha muuzaji na mnunuzi, biashara ikafungwa upesi, kisha yeye akatoka akaenda kufunga biashara nyingine. Hachukui sehemu ya bidhaa. Wapo vichocheo wa kundi moja waitwao asidi za Lewis, kutokana na jina la Mmarekani Gilbert Lewis aliyezieleza mwaka 1923. Kazi yao ni kuvuta jozi ya elektroni ya molekuli moja ili molekuli hiyo iwe tayari kuungana na nyingine.

Maarufu kati ya asidi hizo ni kloridi ya aluminiamu. Mwaka 1877 Charles Friedel, Mfaransa, na James Crafts, Mmarekani, walionyesha mjini Paris kuwa chumvi hiyo inaweza kuunganisha kemikali ambazo zingekaa pamoja bila kugusana. Njia yao imetengeneza dawa, rangi na manukato kwa zaidi ya karne moja.

Lakini dalali huyo ana kasoro mbili. Kwanza, hawezi kuona maji. Tone likiingia, kloridi ya aluminiamu huungana nalo, ikatoa moshi wa asidi ya haidrokloriki na kuacha kazi iliyotumwa. Kwa hiyo mitambo, malighafi na viyeyusho vyote lazima vikaushwe kabisa, na ukaushaji ni gharama. Pili, katika kazi nyingi za aina hii dalali hung'ang'ania bidhaa. Kila molekuli ya bidhaa hushikwa na molekuli moja ya kloridi, hivyo kiwanda hulazimika kutia kloridi nyingi sawa na malighafi, wakati mwingine zaidi. Mwisho wa kazi humwagiwa maji ili bidhaa iachiliwe. Kloridi yote huharibika, ikawa tope la aluminiamu na maji yenye asidi, ambayo sheria za mazingira zinataka yasafishwe kabla ya kumwagwa.

Hapo ndipo walipoingia Wajapani. Mwaka 1991 Shu Kobayashi, mwanakemia wa Tokyo, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa chumvi ya iterbiamu pamoja na asidi kali iitwayo asidi ya trifliki hufanya kazi ya asidi ya Lewis hata katika mchanganyiko wenye formalini, ambayo ndani yake maji ni mengi kuliko kitu kingine. Mwaka 1993 yeye na wenzake walionyesha kuwa skandiamu hufanya vivyo hivyo, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Mwaka huohuo walionyesha pia kuwa chumvi za jamaa hiyo zinaweza kufanya kazi ya Friedel na Crafts zikitiwa kidogo tu, kisha zikarudishwa na kutumika tena bila kupoteza nguvu.

Namna ya kuzirudisha ni rahisi kiasi cha kushangaza. Kazi ikiisha, mchanganyiko huoshwa kwa maji. Bidhaa hubaki katika kiyeyusho, chumvi huhamia katika maji. Maji yakichemshwa yakaisha, chumvi hubaki chini kama chumvi ya mezani inavyobaki katika mashamba ya chumvi ya pwani. Mwaka 1997 wanakemia wa Imperial College mjini London walitumia chumvi ya iterbiamu kuunganisha asidi ya naitriki na kemikali za jamii ya benzini. Njia ya zamani ilihitaji asidi nyingi ya salfa, wakati katika njia yao taka pekee ilikuwa maji.

Msomaji asiye mwanakemia hahitaji zaidi ya hayo. Na mtu akiishia hapo, ni rahisi kushawishika: bidhaa inaondoa taka, inapunguza gharama, kwa nini isiwe dhahabu mpya? Jibu limo katika mizani.

HESABU YA KILO

Tuchukue kiwanda cha kubuni kinachotengeneza kemikali ya manukato iitwayo asetanisoli, ambayo hupatikana kwa kuunganisha anisoli na kemikali jamaa ya siki. Tuseme kila mzunguko mmoja wa uzalishaji hutoa kilo 150, na kiwanda hufanya mizunguko 100. Jumla ni tani 15 za bidhaa.

Kwa njia ya zamani, tukikadiria kloridi izidi malighafi kwa sehemu moja ya kumi, kila mzunguko utakula kilo 147 za kloridi ya aluminiamu. Kwa mizunguko 100 ni tani 14.7. Yaani kiwanda kinanunua kloridi karibu sawa na bidhaa kinayouza, na yote inaishia kuwa taka. Muuzaji wa kloridi hapo ana mteja wa kudumu.

Sasa tutie skandiamu triflati, molekuli 5 kwa kila molekuli 100 za malighafi, kiasi ambacho ni cha kawaida katika maandiko ya kemia. Mzunguko wa kwanza utahitaji chumvi kilo 24.6. Lakini chumvi hiyo ni nzito kwa sababu ya sehemu yake ya asidi. Skandiamu yenyewe ni kama asilimia 9 tu ya uzito, hivyo katika kilo 24.6 madini ni kilo 2 na robo. Tuseme kiwanda kinarudisha asilimia 95 ya chumvi kila mara. Mzunguko wa pili utahitaji kuongezewa gramu 112 za madini, wa tatu vivyo hivyo, hadi wa mia. Jumla ya skandiamu yote iliyonunuliwa ni kama kilo 13.

Kilo 13 za madini kwa tani 15 za bidhaa. Kisha msomaji atazame jambo la pili ambalo ni baya zaidi kwa mlanguzi. Fundi wa kiwanda akiboresha mtambo wake ili arudishe asilimia 99 badala ya 95, jumla hiyo ya kilo 13 itashuka hadi kilo 4 na nusu. Meneja yeyote mwenye akili atamtaka fundi wake afanye hivyo, na chumvi ikipanda bei atamtaka afanye haraka zaidi. Katika bidhaa nyingi bei ikipanda mnunuzi hulalamika lakini hununua. Katika hii, bei ikipanda mnunuzi huziba mianya ya mtambo wake akaacha kununua.

Hesabu hii ni ya mfano, na kila kiwanda kina yake. Lakini mtu anaweza kubadilisha tarakimu zake apendavyo na jibu likabaki lilelile: tunazungumzia kilo, hata pale kiwanda kinapozungumzia tani.

SOKO LILICHAGUA KITU KINGINE

Mtu anaweza kusema viwanda vikiwa vingi, kilo zitakuwa tani. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama chumvi ya skandiamu isingekuwa na mshindani. Mshindani yupo, na kwa bidhaa hiyohiyo ya mfano wetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kifaransa ya Rhône-Poulenc, ambayo sehemu yake ya kemikali ilikuja kuitwa Rhodia, iliachana na kloridi ya aluminiamu katika kutengeneza kemikali hii ya manukato. Maabara za dunia wakati huo zilikuwa zimejaa sifa za triflati. Kampuni hiyo ilichagua zeolaiti, aina ya madini ya silika na aluminiamu yenye vitundu vidogo mno, ambayo hutengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu. Zeolaiti hujazwa katika bomba, malighafi ikapita juu yake ikitoka upande wa pili ikiwa bidhaa. Hakuna kuosha, hakuna kuchemsha maji ili kurudisha chumvi.

Wanakemia wa Tokyo walikuwa sahihi kuwa kloridi ya aluminiamu inapaswa kuachwa, na mwenye kiwanda alikubaliana nao. Ila alipofika dukani alinunua kitu kingine. Hivyo ndivyo soko linavyofanya kazi, na anayewekeza kwa kufuata sifa za kitu bila kuuliza kuhusu mbadala wake anaingia gizani.

Aidha, mbadala mwingine ulitajwa na Kobayashi mwenyewe. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichunguza chumvi za madini mengi ili kujua zipi zinafanya kazi ndani ya maji na kwa nini. Walikuta kuwa siri iko katika mambo mawili. Kwanza, madini yasigawanywe na maji kwa urahisi mno, wala yasiwe magumu mno. Pili, yawe yanaachia molekuli moja ya maji na kupokea nyingine kwa kasi kubwa. Katika orodha ya waliofaulu walikuwemo skandiamu na madini adimu, lakini pia chuma, shaba, zinki na risasi. Si kila kazi ya skandiamu inaweza kufanywa na zinki, hilo ni kweli. Lakini mwenye kiwanda anayeona bei ya skandiamu inaruka ataanza kujaribu shaba siku hiyohiyo, na shaba haijawahi kuwa adimu katika ukanda wetu.

Isitoshe, kuna suala la asidi ya trifliki. Ndani yake kuna kaboni iliyofungwa na atomu tatu za florini, muungano ambao haukatiki kirahisi. Uthabiti huo ndio unaoipa chumvi nguvu yake, na ndio unaoitia mashakani mbele ya sheria. Mwaka 2023 Ujerumani, Denmark, Uholanzi, Norway na Sweden zilipeleka pendekezo kwa Umoja wa Ulaya la kubana kemikali za florini zisizooza, kwa tafsiri pana inayoweza kugusa kundi hilo. Safu hii haitabiri mwisho wa mjadala huo. Inasema tu kwamba anayeuzwa hisa kwa jina la kichocheo kisafi anastahili kuambiwa kuwa nusu ya pili ya kichocheo hicho iko chini ya darubini.

UGAVI NAO UNASEMAJE?

Tukiacha kichocheo, skandiamu ina wateja wengine wakubwa zaidi. Inatumika katika seli za mafuta za kufulia umeme zinazofanya kazi kwa joto kali, na katika aloi za aluminiamu, ambako asilimia ndogo ya skandiamu huongeza uimara na urahisi wa kuchomelea. Warusi walitumia aloi za namna hiyo katika ndege zao za kivita. Kama kuna siku bei itapanda na kubaki juu, itatokana na hao. Hata wao, soko la dunia nzima la oksidi ya skandiamu halizidi makumi machache ya tani kwa mwaka. Kwa kulinganisha, shehena ya kawaida ya saruji bandarini ni kubwa kuliko mahitaji ya dunia ya skandiamu kwa miaka mingi.

Soko dogo kiasi hicho lina tabia mbili. Mteja mmoja mkubwa akiingia, bei inapaa. Mgodi mmoja ukifunguliwa, bei inaanguka. Mwaka 2016 kulikuwa na mpango wa mgodi wa Nyngan, jimbo la New South Wales, Australia, wa kutoa zaidi ya tani 30 za oksidi kwa mwaka. Kwa hesabu yetu ya juu, kumaliza tani 30 za oksidi kungehitaji viwanda karibu 1,500 vya mfano, kila kimoja kikitoa tani 15 za manukato kwa mwaka. Mgodi mmoja tu! Si ajabu kwamba miaka mingi baadaye mgodi huo ulikuwa bado haujaanza uzalishaji. Tatizo halikuwa kukosekana kwa skandiamu ardhini. Kilichokosekana ni wanunuzi wa kutosha wenye mikataba ya kuwapa mabenki moyo wa kukopesha.

Wakati huohuo wengine waligundua kuwa hakuna haja ya kuchimba. Mwaka 2022 kampuni ya Rio Tinto ilianza kutoa oksidi ya skandiamu huko Sorel-Tracy, Quebec, nchini Kanada, kutoka katika taka za kiwanda chake cha titaniamu, ikianza na uwezo wa tani 3 kwa mwaka. Mtu anayepata bidhaa kutoka kwenye taka zake ana gharama ndogo, na anaweza kuongeza uzalishaji kidogo kidogo kila anapopata mteja. Kushindana naye ni kazi ngumu kwa kampuni changa yenye shimo tupu na ripoti nzuri.

Bei yenyewe imekwisha kusema. Oksidi safi ya skandiamu ilikuwa zaidi ya dola 4,000 kwa kilo mwaka 2018. Miaka michache baadaye ilikuwa imeshuka karibu na dola 2,000. Aliyenunua kilo zake mwaka 2018 na kuziweka ghalani alipoteza karibu nusu ya mtaji, na alilipia ghala juu yake. Miaka hiyo yote makala za kisayansi zinazosifu skandiamu triflati zilikuwa zikiongezeka.

SOMO LA 2010

Wasomaji wa zamani wa kurasa za biashara wanakumbuka kuwa haya si mageni. Mwaka 2010 Uchina ilipunguza sana kiasi cha madini adimu kilichoruhusiwa kuuzwa nje. Bei zilipaa hadi katikati ya mwaka 2011. Kampuni ya Molycorp ya Marekani, iliyouza hisa zake kwa umma Julai 2010 kwa dola 14, iliona hisa hizo zikivuka dola 70 mwaka uliofuata. Wadogo walikimbilia humo. Juni 2015 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Kilichotokea katikati ni funzo kwa mjadala wetu, maana kilihusu vichocheo pia. Lanthanamu hutumika kwa tani nyingi katika vichocheo vya kuchakata mafuta ghafi kuwa petroli. Tofauti na chumvi yetu, hicho ni kichocheo kinachochakaa na kuongezwa mara kwa mara, hivyo mahitaji yake ni halisi. Hata hivyo bei ilipopanda, watengenezaji walibuni vichocheo vyenye lanthanamu kidogo au visivyo nayo kabisa, na viwanda vya mafuta vikavinunua. Ikiwa mteja anayekula tani aliweza kukimbia, mteja anayekula kilo atakimbia kwa miguu miwili.

Baada ya bei kuanguka, nchini Uingereza walijitokeza wauzaji wa simu waliowauzia wastaafu madini adimu kwa kilo, kwa bei kubwa kuliko thamani yake. Wanunuzi walipotaka kuuza, hawakupata pa kuuzia. Mamlaka za fedha za huko zililazimika kutoa tahadhari kwa umma. Mbinu hiyohiyo inaweza kusafiri kwa simu ya mkononi hadi Mwanza au Mombasa bila kuombewa viza.

NA SISI HUKU?

Kwa kuwa nchi zetu zina madini adimu, wapo wanaofikiri kuwa habari ya kichocheo hiki inatuhusu moja kwa moja. Tanzania ina Ngualla, mkoani Songwe, ambako leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023 kwa kampuni ya Mamba Minerals, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Mwaka 2025 wanahisa wa kampuni mama iliyoorodheshwa Australia, Peak Rare Earths, waliridhia kuiuza kwa kampuni ya Shenghe ya Uchina.

Thamani ya Ngualla iko katika neodimiamu na praseodimiamu, madini ya kutengenezea sumaku zenye nguvu za motokaa za umeme na mitambo ya upepo. Hayo yanatumika kwa tani, na yakishafungwa ndani ya motokaa hayarudi kiwandani hadi miaka mingi ipite. Anayetaka kuijadili Ngualla na aijadili kwa sumaku. Anayechanganya Ngualla na chumvi ya skandiamu kwa sababu zote huitwa madini adimu ni sawa na anayechanganya karafuu na korosho kwa sababu zote hutoka shambani.

Kundi hili la madini lina ndugu wengi wenye bahati tofauti. Jina moja la jumla, "madini adimu", limewatia hasara watu wengi kuliko bei yenyewe.

NANI ANAFAIDIKA?

Haitakuwa haki kumaliza bila kusema kuwa katika uvumbuzi huu kuna fedha, tena nzuri. Ziko kwa kiwanda cha dawa chenye bidhaa ya bei kubwa, kinachookoa hatua ya kukausha, kinacholipa kidogo kwa kusafisha taka na kupata bidhaa safi zaidi. Kwa kiwanda hicho kununua kilo chache za chumvi ghali ni sawa na kununua mizani nzuri: inauma mara moja, kisha inafanya kazi. Ziko pia kwa mtengenezaji wa kemikali anayeuza chumvi hiyo kwa gramu kwa maabara, maana anauza utaalamu na usafi, na faida yake inatoka hapo. Mwenye kilo za oksidi ghalani hayumo katika mnyororo huo.

Msomaji akifuatwa na muuzaji wa hisa au kilo za skandiamu, amwulize maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi. Mteja anatumia kilo ngapi kwa mwaka, na ngapi kati ya hizo zinarudi? Kuna mkataba wa ununuzi uliosainiwa, au kuna matumaini? Bei ikipanda mara mbili, mteja atahamia kwenye kitu gani? Na la mwisho, ambalo wadogo husahau kuliko yote: siku nitakapotaka kuuza, nani atanunua kutoka kwangu, na kwa bei iliyotangazwa wapi?

Swali hilo la mwisho linatosha peke yake. Skandiamu haiuzwi katika soko la madini la London kama shaba au zinki. Hakuna kengele inayolia asubuhi na kutaja bei ambayo kila mtu anaiona. Bei hupangwa kati ya muuzaji na mnunuzi faraghani, kwa kiwango cha usafi ambacho mtu wa kawaida hana chombo cha kukipima. Katika soko kama hilo mwenye kilo mbili hana sauti. Atapewa atakachopewa.

Mwenye akiba ya kulipia karo za watoto au kuongeza mtaji wa duka anazo njia nyingine, hata zile zisizo na majina ya kuvutia. Hatifungani za serikali na hisa za makampuni yanayotoa gawio zina bei inayotangazwa hadharani, na siku ya kuuza utamkuta mnunuzi, ingawa wakati mwingine itabidi kumsubiri. Mwenye fedha za ziada anayependa kubahatisha yuko huru kubahatisha, mradi ajue anachofanya na asidanganywe kuwa kemia imemhakikishia faida.

Kwa wiki hii msimamo wetu juu ya skandiamu ni kutazama, si kununua. Tutabadili msimamo siku tutakapoona mikataba ya tani kutoka kwa watengenezaji wa aloi au wa seli za mafuta.